Sungura Aliyesimama Jioni ya Galway

Wewe uliyelikosa gazeti la Ijumaa iliyopita, nikupashe upesi tusipotezane. Mimi ni Colm Tuohy, mwendesha sungura wa kiwanja cha mbio za mbwa cha Kilbrannock. Sungura mwenyewe si sungura, ni furushi la matambara lililofungwa kwenye reli ya umeme. Nakaa kibandani juu ya paa la jukwaa, nashika mpini wa mtambo, na kazi yangu ni moja tu: furushi likae mbele ya mbwa, wasilifikie.

Jioni ile wakalifikia. Na kisa ni kwamba macho yangu yalikuwa kwenye simu, natazama farasi wakikimbia kule Galway.

Sikuwa nimemwekea farasi yeyote hata senti. Ningekuwa nimeweka, leo ningekuwa na kisingizio. Nilikuwa natazama kwa mapenzi tu, kama mume wa mtu anayechungulia dirisha la jirani. Mkono ukalegea kwenye mpini, sungura akapunguza mwendo, na Biddy, mbwa jike wa dada yangu Attracta, akamrukia, akamtikisa, akamchana vipande.

Watu wa mbwa watakwambia hakuna baya kuliko hilo. Mbwa akishayaonja yale matambara anajua kwamba amechezewa akili maisha yake yote, na wengi hawakimbii tena kwa moyo.

Nilipoulizwa nikasema umeme ulikatika.

Sasa, fundi umeme wa kiwanja ni Pascal Meaney, rafiki yangu tangu tukivaa kaptula za shule. Pascal huyo huyo ni mchumba wa dada yangu, na harusi ni Septemba. Hapo ndipo nilipokuacha.

*

Jumamosi asubuhi Attracta akaingia jikoni kwangu na buti za banda la mbwa. Dada yangu haingii jikoni na buti hata nyumba ikiungua, kwa hiyo nikajua leo kuna jambo.

"Kaa chini," akaniambia.

"Nimekaa, dada."

"Basi kaa zaidi."

Akaitoa pete kidoleni, ikamsumbua kidogo kwenye kifundo, akaiweka mezani kando ya siagi.

"Mpelekee mwenyewe."

"Attracta! Kisa waya wa umeme?"

"Nani kasema waya? Waya hukatika, hata mgongo wangu unakatika. Kisa ni mdomo wake. Nimemwambia, Pascal, sema tu ulikosea, waya ulikuwa mbovu, yaishe, tuendelee na maisha. Bwana yule ananikazia macho, ananiambia waya mzima! Eti umeme haukukatika! Sasa nikuulize wewe uliyekuwa kule juu. Ulikatika, haukukatika?"

Jamani, nafasi ile niliipata. Nilipewa kwenye sahani, na chai pembeni.

"Ulikatika," nikasema.

"Basi kati yenu yupo mwongo mmoja. Na wewe hujanidanganya hata siku moja tangu mama alipokuacha mikononi mwangu. Mimi siolewi na mwanamume asiyeweza kusema nimekosa."

Dada yangu ana miaka hamsini na nane. Ujana wake wote uliishia kwangu na kwa mbwa. Hakuna aliyewahi kumposa mpaka Pascal alipokwenda kutengeneza taa ya banda lake, akarudi kesho yake kuitengeneza tena, na keshokutwa, mpaka Attracta akamuuliza kama ni taa anayoitaka au ni chakula cha jioni. Tangu mwezi wa sita keki ya harusi imeokwa, imefungwa kwa karatasi kabatini, na kila Jumapili akitoka kanisani anainywesha kijiko cha wiski isiharibike, huku akiimba.

"Na keki?" nikauliza, maana mtu akiwa na hatia anauliza mambo ya kijinga.

"Keki mpe padri."

Akafika mlangoni, akageuka.

"Jumanne Biddy ana majaribio mbele ya mwamuzi. Mbio zilizofuata baada ya jioni ile alisimama katikati ya njia, akaonywa. Akisimama tena, hapa Kilbrannock hakimbii tena. Sikiliza basi. Akikimbia vizuri, nitamsikiliza huyo rafiki yako. Asipokimbia, asinisogelee hata kanisani."

Nikabaki na pete, siagi na roho yangu chafu.

*

Pascal alinifungulia mlango akiwa na aproni. Alikuwa anakata mkate kwa ajili yangu kabla hata sijabisha, aliniona tangu barabarani.

"Karibu, shemeji!"

Tangu walipochumbiana ananiita hivyo hata mbele ya watu, kwa kujivunia. Lile neno siku ile lilinichoma kuliko tusi. Nikaiweka pete mezani. Akaitazama, akaendelea kupaka haradali kwenye nyama.

"Kaa nayo wewe," akasema mwishowe. "Ikilala humu ndani nitaamini kwamba imekwisha."

"Pascal, si ungekubali tu yaishe?"

"Nikubali nini, shemeji? Nimeukagua ule waya mara tatu, kwa magoti, na mvua ikininyeshea. Mzima kama siku ulipowekwa. Nimewauliza watu wote waliokuwepo jioni ile, nani alimwona sungura akisimama. Unajua wameniambia nini?"

"Nini?"

"Hawakuona. Wote walikuwa baa. Wamekigeuzia kiwanja mgongo, wanaangalia Galway kwenye televisheni. Unanisikia? Mbwa sita wamemkamata sungura, jambo ambalo baba zetu wangelizungumza mpaka Krismasi, na hakuna shahidi hata mmoja! Enzi zile mbwa akijikwaa kwenye kona, jukwaa zima linasimama. Unakumbuka foleni? Ilikuwa inafika mpaka kwenye geti la kanisa."

"Nakumbuka."

"Hawa farasi wana nini, shemeji? Niambie wewe."

Niliimeza chai ikiwa ya moto ili nisijibu. Kumbe jibu ninalo, nimelala nalo miaka. Farasi ana mtu mgongoni, na ukishindwa unaye wa kumtukana. Ukisema unakwenda kwenye farasi, mke wa daktari anakuuliza utavaa nini. Ukisema unakwenda kwenye mbwa, anakuuliza kama umepata kibarua. Galway wanakwenda mawaziri, wanakwenda mabibi wenye kofia pana kama masinia, na hata ukirudi mfuko mtupu unajiona ulikuwa mahali.

Na sisi je? Chipsi, mvua, na mbwa ambaye jana alilala kando ya jiko lako. Mbwa ni wetu, tunamjua mpaka mama yake. Farasi ni wa tajiri, tunaazimwa macho tu. Lakini macho yangu yalikwishahama zamani. Nilikuwa nawaendesha mbwa jioni na kuwaota farasi usiku, na sikumwambia mtu, kwa sababu katika ukoo wetu ni afadhali useme umebadili dini.

"Sijui," nikamjibu Pascal.

Akaketi mbele yangu. Akaufuta mkono kwenye aproni.

"Nikuulize kitu kimoja tu, halafu siulizi tena. Taa ya kibandani kwako na sungura vinakula umeme wa waya mmoja. Umeme ukikatika, vyote vinazimika pamoja. Jioni ile taa yako ilizimika?"

Aliniuliza kwa upole, haki ya Mungu, kama mtu anayekushikia mlango upite.

"Ilizimika," nikasema.

Akanisogezea sahani ya mkate. Nikaanza kutafuna.

"Haya," akasema. "Kama ilizimika, ilizimika."

Akanifungia mkate uliobaki niende nao nyumbani. Njiani nikamtupia bata wa mtoni, na hata bata nilimwonea aibu.

*

Jumanne nikaamka na mpango. Mimi ndiye mwendesha sungura, sivyo? Basi nitamweka karibu na pua ya Biddy, karibu kuliko inavyoruhusiwa, mpaka damu yake ya ukoo imchemke asahau matambara. Biddy akikimbia, Attracta atamsikiliza Pascal, pete itarudi kidoleni, na mimi sitalazimika kufungua mdomo. Nilijiona mjanja. Nilipiga mluzi nikinyoa ndevu.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Kiwanjani walikuwepo watu wanne tu. Attracta, amemshika Biddy ambaye amevaa koti jekundu la mbio. Mwamuzi na mwavuli wake, na mbwa wawili aliowaleta wakimbie na Biddy. Pascal, kasimama peke yake kwenye uzio kama mtu aliyekuja msibani bila kualikwa. Na jukwaani, juu ya kimto chake cha kijani, Bi Cussen.

Bi Cussen hakosi. Mbio za jioni yupo, majaribio ya asubuhi yupo, mvua ya mawe yupo. Ni mama wa miaka themanini na ushee, alianza kuja hapa akiwa amebebwa mgongoni na shangazi yake. Ukimtajia farasi anatema mate pembeni.

"Pete umempa?" Attracta aliniuliza nikipita.

"Kaikataa. Ninayo mfukoni."

"Ng'ombe yule," akasema, lakini sauti haikuwa na meno.

Nikapanda kibandani, nikafungua dirisha. Kiwanja kikiwa kitupu kinabeba sauti, unamsikia mtu wa chini hata akikohoa. Nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti, nikasema maneno ninayoyasema kabla ya kila mbio:

"Sungura yuko njiani!"

Visanduku vya kuanzia mbio vikafunguka. Biddy na wenzake wawili wakatoka, na ee Mungu wangu, Biddy alitoka vizuri! Nikamweka sungura palepale mbele ya pua yake. Kona ya kwanza yuko mbele. Nikamsikia Attracta akipiga kelele, "Nenda mama! Nenda mama!" Nikamwona Pascal ameushika uzio kwa mikono miwili. Nilikuwa natabasamu peke yangu kule juu, naiona harusi, naiona keki.

Kona ya pili Biddy akaiacha njia.

Hakuanguka wala hakuchoka. Alikata tu katikati ya majani, taratibu, kama mtu anayejua njia ya mkato ya kwenda dukani. Akaja mpaka chini ya kibanda changu, mahali palepale alipomkamata sungura jioni ya Galway. Akasimama. Ulimi nje, mkia unacheza. Anamsubiri sungura azunguke aje asimame, kama alivyosimama siku ile.

Wenzake wakamaliza mbio bila yeye. Mwamuzi akafunga mwavuli, akaufungua tena.

"Pole sana, Attracta," akasema. "Sina la kufanya." Akaondoka kwenda ofisini.

Attracta hakulia. Afadhali angelia. Alikuja akamshika Biddy kichwa, akakibana tumboni kwake.

"Usimgombeze," Bi Cussen akasema kutoka jukwaani. "Si kosa la mbwa. Kaja kumngoja pale alipomwachia. Jioni ile sungura alipunguza mwendo polepole, kama basi lililoona abiria. Nikasema moyoni, Colm leo anaumwa."

"Umeme ulikatika, Bi Cussen," Attracta akamwambia.

"Umeme gani tena? Taa ya Colm ilikuwa inawaka! Nilimwona mwenyewe kainamisha kichwa, utadhani anasali rozari."

Nikalishika dirisha, nikawaza kulifunga.

"Mbona hukusema siku zote hizi?" Attracta akauliza.

"Nani kaniuliza? Kuuliza mnakwenda kuuliza baa."

Attracta akainua uso kunitazama. Na mimi nikajikausha, nikabaki kama picha iliyotundikwa ukutani. Kabla hajaniita, Pascal akaondoka kwenye uzio, akaja katikati yao kwa haraka.

"Ilizimika," akasema.

"Nini?"

"Taa. Nilikuwa kule chini kwenye mashine, niliiona kwa macho yangu ikizimika. Bi Cussen macho yana ukungu siku hizi, tumsamehe." Akavua kofia. Mvua ikamnyeshea kwenye upara. "Attracta, ulitaka niseme, nasema. Waya ulikuwa mbovu. Ni uzembe wangu, na kiburi kikanizuia kukubali. Nimekosa."

Hakunitazama hata kwa bahati mbaya. Alijua. Alijua tangu siku ile ya mkate na nyama, na alikuwa ananibebea mzigo wangu mbele ya dada yangu, bila kuombwa.

Na uso wa Attracta ukalegea! Nilimwona. Mkono ulioachia shingo ya mbwa ukanyanyuka, ukashika mkono wa koti la Pascal.

"Ilikuwa taabu yote hiyo kusema neno moja?" akamwambia. "Ng'ombe wewe. Vaa kofia, utaugua."

Ndugu yangu unayenisoma, nataka uelewe pale nilipokuwa. Mambo yote yalikuwa yamekwisha. Harusi imerudi. Ningekaa kimya tu, kimya bila hata kudanganya tena, nishuke na pete mfukoni, niwe shahidi wa harusi, nile keki. Na ningefanya hivyo. Nakuapia ningefanya hivyo, ndivyo nilivyo.

Lakini Bi Cussen alikuwa amevua miwani. Anaifuta kwa ncha ya kitambaa, anaivaa, anatazama juu kibandani, anaivua tena.

"Labda," akasema kwa sauti ndogo. "Labda ni macho kweli. Mimi nilidhani niliiona."

Akainuka kwa shida. Akakichukua kimto chake, akakikung'uta, akakiweka kwapani.

"Kama taa inayowaka siijui na iliyozimika, mbwa nitawaonaje? Basi. Nimekuja vya kutosha. Msinitunzie kiti tena."

Akaanza kushuka ngazi za jukwaa, akishikilia nguzo moja baada ya nyingine. Mtu wa mwisho katika mji mzima ambaye jioni ile hakumtazama farasi. Alimtazama sungura, aliniona mimi, na sasa anakwenda kwake akiamini kwamba ni kipofu.

Kidole changu kikabonyeza kitufe. Pumzi yangu ikatoka kwenye vipaza sauti vyote vya kiwanja, wote wakashtuka, na Biddy akasimamisha masikio.

"Bi Cussen," nikasema. "Macho yako ni mazima. Taa ilikuwa inawaka. Umeme haukukatika. Nilikuwa natazama farasi."

Sauti ikazunguka mabenchi matupu na kunirudia. Farasi, farasi. Nikaachia kitufe.

Nilidhani Attracta atanitukana. Nilikuwa tayari, nilitaka kabisa anitukane. Hakuinua hata kichwa. Alikuwa anamtazama Pascal, na mkono wake ulikuwa umetoka kwenye koti lake.

"Ulijua," akamwambia.

Pascal akaigeuza kofia mikononi.

"Pascal, nakuuliza. Ulijua ni yeye?"

"Ni ndugu yako, Attracta. Unaye mmoja tu."

"Kwa hiyo uliposema kweli nilikufukuza. Na leo umenitazama machoni, umenidanganya, umemwita mama wa watu kipofu, nikakurudia! Mmenifanya nini ninyi wawili? Mimi ni Biddy? Mnanikimbizia matambara?"

Na mimi kule juu nikaelewa nilichokifanya. Ningesema Jumamosi jikoni, mwongo ningekuwa mmoja. Nimengoja mpaka nimewapata wawili, na wa pili ndiye mtu mkweli kuliko wote ninaowajua.

"Colm!" Sasa aliniita. "Shuka na hiyo pete."

Nikashuka. Ngazi za kile kibanda nimezishuka maisha yangu yote, siku ile sikuzijua. Nikasimama mbele yao, mvua inanidondoka puani, pete nimeifumbata. Attracta akanyoosha kiganja. Uso wake sikuweza kuusoma, kama ni wa mtu anayetaka kuivaa au anayetaka kuitupa mtaroni.

Nikanyoosha mkono kumpa.

"Usimpe," Pascal akasema. Nikageuka. Na yeye alikuwa amenyoosha kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu posa hakuniita shemeji. "Colm. Pete ni yangu. Nipe mimi."

"Nipe mimi," Attracta akasema.

Viganja viwili, na pete moja, na mkono wangu katikati. Biddy alikuwa bado anatazama reli, anamngoja sungura wake. Bi Cussen, aliyekuwa amefika getini, akageuka, akarudi polepole mpaka benchi la mbele. Akakiweka kimto chake, akaketi, akavaa miwani.